Jiko la mama Moshi limekufa: nimtumie la kioo?

Shikamooni wakubwa, wengine habari za wikendi.

Mama yangu yuko Moshi. Jiko lake la gesi la plate nne, lile la kuzamishwa kwenye kaunta, limebaki na plate moja inayowaka. Hapa Bremen nimepata jiko la kioo la indaksheni (la umeme, linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku) kwa bei ya chee, na kuna kontena linaondoka mwezi ujao. Nilipakie?

Mama Pacha, Bremen

*

Mama Pacha, pole. Kabla hujalipia nafasi, piga simu nyumbani mtu ajaribu sumaku ya friji chini ya sufuria za mama. Isiponata, jiko la indaksheni halitaipasha hiyo sufuria, na hizi za alumini tulizokulia hazinati hata moja. Halafu majiko ya huko ya plate nne hula kilowati 7 hivi, na mara nyingi hufungwa kwenye fezi mbili, yaani laini mbili za umeme. Kama kwa mama ni fezi moja, hizo ni ampea 30 za jiko tu. Na LUKU je, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, yumo kwenye zile uniti 75 kwa mwezi za bei nafuu? Wati 1500 kwa saa moja kila siku ni uniti 45 kwa mwezi, na kwa saa moja makande hata hayajalainika.

Mimi niliumia kwenye gesi. Nilimpelekea mama mkwe Arusha jiko zuri la huku. Gesi ya huku ni ya bomba, kwa hiyo nozeli, vile vipande vya kutolea gesi, zina matundu mapana kuliko yanayotakiwa na gesi ya mtungi. Siku ya kwanza moto ukatoka wa njano, mrefu, na sufuria ya mtori ikawa nyeusi kama imetoka kwenye mafiga. Fundi akadhani nozeli zimeziba, akazipekecha kwa waya. Akazidi kuzipanua! Nozeli za mtungi zilikuwa kwenye kifuko ndani ya boksi, na boksi nililitupa mwenyewe ili mzigo upungue.

Baba Junior, Leeds

*

Mnunulieni huku huku, jamani. Mimi nilirudi, niko Njiro, Arusha, na majiko ya mtungi yamejaa madukani. Ila mpime tundu la kaunta, siyo uso wa jiko. Mimi nilipima kioo, jiko likaja kubwa kwa sentimita moja, fundi akakata graniti ndani ya nyumba na vumbi nikalikuta hadi kwenye unga wa ugali. Na mtungi ukikaa kabatini, kabati litobolewe chini. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama. Mpira ubadilishwe pamoja na jiko, maungio yapakwe povu la sabuni kabla ya kuwasha. Makande mpeni presha kuka ya umeme.

Dada wa Njiro

*

Asanteni. Mdogo wangu amepima: 56 kwa 48, kaunta ya terazo. Sumaku imenata kwenye kikaango kimoja tu. Kontena nimeliacha. Mama naye ana sharti lake: plate moja iwe kubwa ya kubeba sufuria ya machalari ya Krismasi, mengine tutajua wenyewe.

Mama Pacha