Je, Meta ijibu mashtaka ya wasimamizi wa maudhui wa Nairobi?

Mtoa mada:

Wanajamvi, naleta suala ambalo wanasheria wa Nairobi wamelijadili sana, lakini sisi watumiaji wa kawaida wa Facebook tumelipita kimyakimya. Je, Meta, kampuni ya Marekani inayomiliki mtandao huo, inapaswa kusimama mbele ya mahakama za Kenya kujibu malalamiko ya watu ambao haikuwaandikia mkataba wa ajira, ingawa kazi waliyoifanya ilikuwa yake?

Kwa ambao hawakufuatilia, Meta iliipa kampuni ya Sama kandarasi ya kuajiri wasimamizi wa maudhui jijini Nairobi, yaani watu wanaokaa mbele ya kompyuta zamu nzima wakitazama video za mauaji, ubakaji na mateso ya watoto, kisha wakaamua zipi ziondolewe ili mimi na wewe tusizione. Mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alifutwa kazi baada ya kuongoza juhudi za wenzake za kuungana kudai masharti bora. Februari 2022 jarida la TIME liliripoti kwamba baadhi ya wafanyakazi hao walipokea kiasi cha dola 1.50 tu kwa saa, na Mei mwaka huohuo Motaung akafungua kesi katika Mahakama ya Ajira na Leba dhidi ya Sama na Meta kwa pamoja. Januari 2023 Sama ilitangaza kwamba inaacha kazi hiyo, watu wapatao 260 wakaambiwa ajira zao zinakoma, na kandarasi ikahamia kwa Majorel, kampuni ya Luxembourg. Zaidi ya 180 kati yao walikwenda mahakamani wakidai kwamba waliachishwa kinyume cha sheria na kwamba mkandarasi mpya aliwafungia mlango.

Utetezi wa Meta tangu mwanzo umekuwa kwamba haikusajiliwa Kenya, haina mfanyakazi huko, na kwa hiyo mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Jaji Jakob Gakeri aliikataa hoja hiyo Februari 2023. Juni mwaka huohuo Jaji Mathews Nduma Nderi, katika amri za muda, aliona kwamba Meta ndiyo mwajiri mkuu na kwamba Sama ilikuwa wakala wake. Tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa nayo ikatupilia mbali rufaa za Meta. Tusichanganye mambo, hata hivyo: kilichoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ni kwamba kesi zinaweza kusikilizwa Kenya, si kwamba Meta imepatikana na kosa.

Msimamo wangu ni kwamba anayeidhibiti kazi ndiye anayepaswa kuijibia. Kanuni za kuamua kipi kibaki na kipi kiondoke ziliandikwa na Meta, na mtandao uliokuwa ukisafishwa, pamoja na fedha za matangazo zinazopatikana humo, ni wa Meta. Ibara ya 41 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, mazingira yanayofaa ya kazi na kujiunga na chama, na Ibara ya 20 inasema sura ya haki inawafunga watu wote, si serikali peke yake. Sioni ni wapi Katiba imeandika kwamba haki hizo zinakomea pale mwenye kazi anapomweka mtu wa kati.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mtoa mada, huruma yako naielewa, ila sheria ya mikataba haiendeshwi kwa huruma. Benki ikikodi walinzi kutoka kampuni ya ulinzi, huwaelekeza wasimame mlango upi, wamkague nani na waingie saa ngapi, lakini kampuni hiyo ikiwafuta kazi, hakuna anayeiita benki mwajiri. Ukikubali kwamba kutoa maelekezo kunatosha kukufanya mwajiri, basi umevunja mfumo mzima wa kandarasi, na hospitali, viwanda na hata wizara za serikali zitajikuta na maelfu ya waajiriwa ambao hawakuwahi kuwahoji.

Sama nayo si kibarua asiyejua alichotia saini. Mwaka 2023 mkurugenzi wake mkuu, Wendy Gonzalez, aliiambia BBC kwamba anajutia kuichukua kazi hiyo, na anayejuta ni yule aliyekuwa na hiari. Kwa nini mzigo wake ubebeshwe mteja?

Halafu tutazame matokeo. Kufikia Aprili 2025 vyombo vya habari vilikuwa vikiripoti kwamba kazi ya aina hiyo ya Meta inafanyika Accra, Ghana. Nairobi imebaki na kesi, na vijana waliokuwa wakilipia kodi ya nyumba kwa ajira ile, hata kama ilikuwa ajira ngumu, wamebaki wakisubiri tarehe za mahakama.

Mchangiaji wa pili:

Naomba kuuliza jambo moja. Iko kesi nyingine katika Mahakama Kuu ya Kenya, iliyofunguliwa Desemba 2022, ambayo mmoja wa walalamishi wake ni Abrham Meareg, mtoto wa Profesa Meareg Amare aliyeuawa Ethiopia Novemba 2021 baada ya machapisho ya kuwachochea watu dhidi yake kusambaa Facebook. Walalamishi wanadai kwamba mfumo wa Meta uliyapa nguvu machapisho hayo, na Aprili 2025 mahakama ilisema ina mamlaka ya kuwasikiliza. Humo hoja ya mkandarasi haina nafasi kubwa, kwa kuwa kinacholalamikiwa ni mfumo wenyewe. Je, mchangiaji wa kwanza angeitetea Meta huko pia?

Mtoa mada:

Swali hilo namwachia mwenyewe. Mimi nijibu la walinzi.

Benki haikubuni hatari inayomkabili mlinzi, na mlinzi akiumia, chanzo ni jambazi. Msimamizi wa maudhui huumizwa na kazi yenyewe inapofanyika sawasawa kama ilivyopangwa. Desemba 2024 ilifahamika kwamba zaidi ya wasimamizi 140 waliochunguzwa na Dkt. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, walikutwa na maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe, na ripoti hizo ziliwasilishwa mahakamani.

Aidha, Facebook ilishawahi kufika njia panda hii nyumbani kwake. Mei 2020 ilikubali kulipa dola milioni 52 kumaliza kesi ya wasimamizi wa maudhui wa Marekani waliodai madhara yaleyale, na watu hao walikuwa wameajiriwa na makandarasi vilevile. Mbona huko mkataba wa mkandarasi haukuwa ukuta?

Kuhusu Accra, taarifa hizohizo za Aprili 2025 zilieleza kwamba wafanyakazi wa huko nao wanalalamikia madhara ya akili na kwamba wanasheria wanaandaa kesi. Kwa hiyo kuhama hakukuyamaliza malalamiko. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mswada wa 2024 wa Seneta Aaron Cheruiyot wa Kericho, unaokusudia kumkinga mteja wa kampuni za kandarasi za aina hii dhidi ya madai ya wafanyakazi. Mswada huo ukiwa sheria, mfanyakazi atabaki kumdai mkandarasi asiye na uwezo wa kubadilisha hata mstari mmoja wa kanuni zinazomuumiza.

Mchangiaji wa kwanza:

Kesi ya Ethiopia siipingi kusikilizwa. Anayedaiwa kuutengeneza mfumo anaitwa kuujibia, na hapo hapana mtu wa kati.

Hiyo ya Marekani ni hoja nzito, lakini yalikuwa maafikiano ambayo Facebook iliingia bila kukiri kosa, na maafikiano hayamfungi jaji wa Nairobi. Nisichokubali bado ni neno "mwajiri". Bunge lingeweza kuandika kifungu kinachomlazimu mteja kugharamia uchunguzi na matibabu ya akili ya kila anayetazama maudhui yake, wakati wa kazi na kwa miaka kadhaa baada ya kuondoka, bila kumbebesha mishahara, likizo na barua za kufuta kazi. Mswada wa Cheruiyot ukiongezwa kifungu hicho, nitauunga mkono. Ukibaki kama ulivyo, hapana.