Hivi Marekani mtu mweusi alikatazwa kweli kusomea uinjinia?

Kijana wa Chikongola:
Wakuu jana kijiweni hapa Mtwara tumebishana mpaka kahawa ikapoa, jamaa anasema kule weusi hawakukatazwa chochote, wenyewe tu walipenda ngoma na mpira kuliko hesabu. Iliniuma ila sikuwa na cha kumjibu. Leo jioni narudi palepale, nisaidieni.

Mzee wa Korosho:
Mdogo wangu, mwaka 1890 ilitoka sheria ya pili ya Morrill, majimbo yanapewa hela ya vyuo vya kilimo na ufundi, ila jimbo linalobagua weusi halipati mpaka liwatengee chuo chao. Basi kule kusini mwa Marekani wakawatengea vyao, kama North Carolina A&T, 1891, hela kiduchu. Na majimbo mengine yalikuwa radhi kumlipia kijana ada akasome jimbo la mbali, ilimradi asikae darasa moja na wazungu!! Sasa hapo ngoma imeingiaje?

Bwana Mdogo Lindi:
Mbona Robert Taylor alimaliza MIT, chuo kikubwa cha ufundi huko huko Marekani, 1892 na ni mweusi? Mnakuza mambo. Na sisi huku kusini mwa Tanzania tumechelewa kimaendeleo mbona hatulii.

Mzee wa Korosho:
Sisi tulikosa lami mwanangu, hakuna sheria iliyotukataza tusikae na mtu. MIT iko kaskazini, na Taylor alisomea usanifu majengo. Shuka kusini, chuo cha ufundi cha Georgia Tech: weusi wa kwanza watatu waliingia 1961, na mweusi wa kwanza kumaliza hapo ni Ronald Yancey, 1965, uinjinia wa umeme. Piga hesabu toka huyo Taylor wako, miaka 73.

Dada wa Mikindani:
Mie anayeniumiza ni Mary Jackson. Tayari ana digrii ya hesabu na sayansi, yuko kazini kituo cha utafiti wa ndege cha Langley kule Virginia, ili awe injinia inabidi asome masomo ya jioni, na madarasa yako kwenye sekondari ya wazungu watupu pale Hampton. Mtu mzima, ana mume na watoto, anaenda kuuomba mji kibali cha kukaa kwenye dawati! Wakampa, akasoma, 1958 NASA, shirika la anga la Marekani, wakampa uinjinia.

Kijana wa Chikongola:
Asante dada, asante mzee, nishapiga skrinshoti zote. Tuliwekeana vikombe vinne na kashata, leo analipa.