Kompyuta chakavu za hospitali: tugawe shuleni, tuuze skrepa, au tuharibu?

tehama_kusini
Wakuu habari za jioni. Nipo kitengo cha TEHAMA kwenye hospitali moja ya kanisa huku kusini mwa Tanzania, tuna stoo imejaa CPU za Windows 7, laptop zilizokufa, UPS (yale maboksi ya betri ya kushikilia umeme ukikatika), seva ya zamani iliyokuwa inabeba mfumo wa wagonjwa, na fotokopi ya masijala. Uongozi unataka stoo iwe wazi haraka. Katibu anasema nzima tuwape sekondari ya jirani, mbovu aitwe mtu wa skrepa, na diski "fomati tu inatosha". Mimi moyo unakataa manake mbili zilikuwa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, na moja maabara. Afu shule nayo inazihitaji kweli, watoto wanasoma somo la kompyuta ubaoni. Kampuni ya kuharibu diski huku hakuna, bajeti ndo usiseme. Mliowahi kufanya hii kazi mnaanzia wapi?

fundi_wa_seva
Mkuu usikubali fomati. Fomati ya haraka inafuta orodha ya mafaili tu, data zenyewe zipo palepale, mtu anashusha programu ya bure ya kurudisha mafaili na muda si mrefu anasoma majina na majibu ya vipimo.

Kabla hujagusa kitu hakikisha data za ile seva zimehamia mfumo mpya, na usiamini neno la mtu, fungua bakapu kwenye mashine nyingine uone rekodi za wagonjwa zinasomeka, manake ukishafuta hakuna kurudi. Ukimaliza hapo, diski za kawaida za kuzunguka weka ShredOS kwenye fleshi uwashie mashine nayo, ni bure, ndani yake kuna programu ya kufuta inaitwa nwipe, inaandika juu ya diski yote. Watu watakwambia lazima mara 35, hayo ni mambo ya diski za miaka ya 90, kwa diski za sasa mara moja ukahakiki inatosha, hata mwongozo wa kufuta data wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ule wa 800-88, ndo unavosema. Ila SSD, zile diski za chipu zisizozunguka, ni habari nyingine, ile ina maeneo ya akiba ambayo kuandika juu hakufiki, kwaiyo tumia amri ya kujifuta iliyomo ndani ya SSD yenyewe, na kama haikubali vunja chipu zote, sio kutoboa tundu moja katikati ukaona umemaliza.

Diski isiyowaka au yenye sekta mbovu usihangaike nayo, ichomoe utoboe sahani za ndani zinazobeba data kwa drili sehemu kadhaa. Vaa miwani, za laptop nyingi sahani zake ni kioo zinapasuka vipande.

Na andika, hapa ndo wengi wanapoharibu. Namba ya kila diski, imetoka mashine gani, imefanywa nini, tarehe, sahihi ya aliyefanya na ya aliyeshuhudia.

mama_wa_wodi_7
Mimi ni muuguzi, mambo ya amri na chipu siyajui, ila naomba hizo mbili za CTC zisiende shuleni zikiwa na diski zake hata kama zimefutwa mara mia. Mji mdogo huo, mwalimu atakayewasha ile kompyuta anaweza kuwa shemeji wa mgonjwa wetu. Nimeona mtu anakatisha dawa anahamia kliniki ya mbali kisa tu kahisi jina lake limeonekana, na akikatisha dawa mnajua kinachofuata. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya mgonjwa, na hii ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeziweka taarifa za afya kwenye zile nyeti. Mwambieni katibu taratibu, kwa heshima, ila aelewe. Toeni diski mharibu, shule ipewe mashine bila diski, wazazi au kanisa wachangie diski mpya.

fundi_wa_seva
Naunga mkono dada hapo juu. Na kama katibu hajaelewa msimulie ya Uingereza. Hospitali za Brighton walikuwa na diski kama 1,000 za kuharibu, kazi ikapitia mkono hadi mkono ikamfikia mtu mmoja, mwaka 2010 diski zaidi ya 200 zikakutwa zimeuzwa eBay, soko la mtandaoni, ndani kuna taarifa za wagonjwa wakiwemo wa HIV. Mwaka 2012 wakapigwa faini ya pauni 325,000. Mwaka uliofuata NHS Surrey, huduma ya afya ya serikali ya huko, nao pauni 200,000, wao waliipa kampuni kompyuta iharibu bure ili ibaki na vipuri. Sasa hiyo si ndo kama mtu wenu wa skrepa kabisa?

tehama_kusini
Asanteni sana, dada umenisaidia mno hilo la diski nitalisimamia. Je fotokopi? Na ule mzigo uliobaki, monita na UPS, kuna aliyeshauri tuvichome kwenye tanuri la taka za hospitali.

kijana_wa_embakasi
Boss usichome! Betri kwa moto ni hatari kwa mwenye anachoma, zile za UPS zina madini ya risasi na asidi, monita za kichogo pia zina risasi, na plastiki za waya zikiungua moshi wake ni sumu na hapo kuna wagonjwa. Huku kwetu Nairobi tunapeleka WEEE Centre, kituo cha taka za kielektroniki. Huko kwenu ulizeni NEMC, wale wa mazingira wa serikali, nani ana kibali cha kukusanya taka za kielektroniki, mkusanye na hospitali zingine za hiyo dayosisi gari lije mara moja, usafiri ndio hula pesa.

Fotokopi usiipuuze, nyingi za ofisi zina diski ndani inabaki na picha za zile karatasi zimepita hapo. Kampuni ya bima ya afya ya Marekani inaitwa Affinity ilirudisha fotokopi za kukodi bila kufuta, mwaka 2013 ikalipa zaidi ya dola milioni 1.2. Fungua kifuniko cha nyuma, kama kuna diski toa uweke na zile zingine. Angalia pia kompyuta zimeunganishwa na ultrasound, picha hukaa humo na majina.

tehama_kusini
Ya ultrasound ipo, tena imeshawekwa kwenye fungu la shule. Kesho asubuhi naitoa, na nitamwomba matroni awe shahidi wa kusaini.