Wauzaji wa vidhibiti halijoto vya kupikia bia, kwa nini mnatuficha mambo ya msingi?

Ndugu wanajamvi,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na nawaomba wote wanaopika bia nyumbani kwa umeme, hasa tulioko huku Uingereza, wausome kabla hawajatoa fedha zao. Kwa watakaouliza, sizungumzii gongo: tangu 1963 mtu hapa hahitaji leseni ya kutengeneza bia ya kunywa nyumbani kwake, alimradi asiiuze.

Kilichonikera ni seti ya kidhibiti halijoto niliyoinunua katika soko moja la mtandaoni, ambayo muuzaji ameitangaza kwa herufi kubwa kuwa ni maalumu kwa kupikia bia. Hita yangu ni ya kilowati 3, yaani huvuta takriban ampea 13 kwenye umeme wa volti 230, na jambo hilo nilimwandikia waziwazi kabla ya kulipa, naye akajibu kwamba seti yake inafaa bila wasiwasi wowote. Kilichonifikia ni kidhibiti chenye rilei ndogo ya kimakanika ndani yake (rilei ni swichi inayoendeshwa kwa umeme), rilei ya kielektroniki iliyoandikwa ampea 40, na themokapo ya aina ya K, yaani kihisi cha joto cha nyaya mbili za metali tofauti. Bamba la alumini la kupozea halikuwemo, wala karatasi ya maelekezo.

Asiyevizoea vifaa hivi ataona seti imetimia, kumbe vipande vyake viwili vikuu havielewani. Rilei ya kielektroniki ya aina hii huwashwa kwa umeme mdogo wa DC (wa mkondo mnyoofu, kama wa betri), kwa kawaida volti 3 hadi 32, unaotoka kwenye kidhibiti kilichoundwa kwa kazi hiyo, ilhali kidhibiti chenye rilei ya ndani hakitoi volti yoyote bali hufunga na kufungua njia ya umeme tu. Mnunuzi ambaye hakuelezwa hili anaweza kuupeleka umeme wa nyumba moja kwa moja kwenye tamino (vituo vya kufungia nyaya) za kuwashia na kuiunguza rilei papo hapo. Ubaya zaidi ni kwamba hata maandishi ya kwenye kifaa hayaaminiki. Kwa mfano, kidhibiti cha REX-C100 ni muundo wa kampuni ya RKC ya Japani, na katika msimbo wake herufi M humaanisha rilei ya ndani na V humaanisha volti za kuendeshea rilei ya kielektroniki. Lakini nakala za bei ya chini zimejaa sokoni, na zipo zilizobandikwa V huku ndani yake mna rilei. Kwa hiyo pima tamino za kutokea kwa mita kabla ya kuunganisha chochote, ingawa kazi hiyo kwa haki ilikuwa ya muuzaji.

Tafadhali msiniambie nitumie kidhibiti kingine, STC-1000, kwa sababu ni rahisi. Rilei yake ni ya ampea 10, kiwango kinachotosha kwa friji ya kuchachushia bia, lakini kuibebesha ampea 13 kwa saa nzima ya kuchemsha ni kuutafuta moto.

Na moto ndio unaonifanya nisinyamaze. Rilei ya kielektroniki hugeuza takriban wati 1 hadi 1.5 kuwa joto kwa kila ampea inayopita, maana yake kwa hita yangu ni wati 13 hadi 20 ndani ya kisanduku kilichofungwa, bila bamba la kupozea na bila grisi ya kupitisha joto. Rilei hizi zikiharibika, mara nyingi huharibika zikiwa zimejifunga, hivyo hita huendelea kuwaka hata kama kidhibiti kinaonyesha kimezima. Ukiongeza kwamba rilei bandia zenye jina la kampuni ya Fotek na maandishi ya ampea 40 zimeenea kote, utaelewa kwa nini nasema kuuza seti ya namna hii bila kutaja hatari hiyo ni kucheza na maisha ya watu. Kisanduku chochote kinahitaji swichi ya mkono inayokata nyaya zote mbili za hita, pamoja na RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja), na tangazo lile halikugusia hata kimoja.

Kuhusu kihisi, nitakuwa mfupi. Themokapo ya K ya kiwango cha kawaida inaruhusiwa kukosea kwa nyuzi 2.2 hivi, ilhali Pt100 (kihisi cha platini) ya daraja B hukosea kwa takriban nyuzi 0.6 kwenye joto la kulowekea kimea. Anayepika maharage hatajali tofauti hiyo, lakini kwetu kimea kilicholowekwa kwa nyuzi 65 hutoa bia kavu, na cha nyuzi 69 hutoa bia nzito yenye utamu zaidi. Kidhibiti kinachotangazwa kuwa cha bia kingepaswa kukubali Pt100 na kuonyesha sehemu ya kumi ya nyuzi. Vilevile kingepaswa kumruhusu mtu kuweka nguvu ya hita kwa asilimia wakati wa kuchemsha, kwa kuwa maji yakishachemka joto halipandi tena. Wenzetu wa Nairobi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wakikiweka kidhibiti kifike nyuzi 100 hita itawaka kwa nguvu zote hadi sufuria ifurike.

Muuzaji amekataa kunirudishia fedha kwa hoja kwamba kila kipande kilichotajwa kwenye tangazo kimefika. Nawataka wauzaji mliomo humu mjibu hapahapa: kwa nini hamwandiki aina ya umeme unaotoka kwenye kidhibiti, ampea halisi za rilei ikiwa na bamba na ikiwa haina, na aina ya kihisi? Na aliyewahi kurudishiwa fedha zake kwa seti ya namna hii atueleze alitumia hoja gani.