Yule dada wa magauni Mtaa wa Kongo leo kanimaliza

Bonge Mwenye Haki:
Wakuu, naandika nikiwa kwenye daladala, mikono inatetemeka, msiniulize habari za nukta na mkato.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa Kariakoo mwenye wigi rangi ya boga, anakaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki na kukukagua kuanzia kisigino kama afisa uhamiaji. Mdogo wangu ana sendofu Jumamosi. Nikauliza kwa adabu: "Dada, hili la kijani lina kubwa yake?" Akasema ni frii saizi, linavutika, ingia ujaribu. Nikaingia nyuma ya pazia. Kichwa kikapita. Mabega yakapita kwa dua. Kufika kifuani gauni likagoma. Halishuki, halipandi, mikono yangu iko juu kama nimekamatwa na polisi.

Ndipo akapaza sauti, duka zima linasikia: "Jamani mtoeni huyo, zipu inalia!"

Zipu inalia! Mimi ndiye nimekosa pumzi, anayeonewa huruma ni zipu. Machinga wa soksi pale mlangoni kacheka mpaka mzigo ukamwagika. Mteja mmoja akanishika bega, "pole dada," utadhani nimefiwa.

Halafu hiyo frii saizi ni saizi ya nani? Lebo ya China XXXL inanifika kwenye kiwiko. Mtumba UK 18 unanikaa kama nilipimwa. Nilikuwa na mama yangu wa mtumba pale soko la Karume, kila akifungua belo ananiwekea pembeni. Soko likaungua Januari 2022, mpaka leo sijui alihamia wapi. Jinzi ndiyo usiseme: ikishapita makalioni, kiunoni panabaki nafasi ya kuficha kilo ya mchele.

Zipu inalia. Nimezaa watatu, leba sijapata aibu ya namna hii.

Mzee wa Tabata:
Uzi bila picha ni batili.

Kikombe cha Uji:
Pole mkuu. Gauni lilitoka salama?

Bonge Mwenye Haki:
Walilitoa watu wawili, yeye na yule wa pole. Huku anahesabu shanga zilizodondoka. ZIPU INALIA, kasema, mbele za watu.

Kikombe cha Uji:
Punguza chipsi mayai basi.

Bonge Mwenye Haki:
Umenunua wewe hizo chipsi?

Mjuzi wa Lebo:
Tuelimishane kidogo. UK 16 ni 12 ya Marekani, tofauti ni 4. Sasa mkichanganya lebo za mtumba na za dukani lazima m

Mzee wa Tabata:
Huyu naye zipu imemkatia njiani.

Njiti:
Nyie mabonge mnadhani mnateseka peke yenu? Nina kilo 45. Huyohuyo wa wigi aliniambia nikajaribu duka la sare za shule. Kwa hasira nikaenda. Sketi ya darasa la sita imenikaa vizuri na ina mfuko.

Mzee wa Tabata:
Njiti, hiyo sketi shilingi ngapi? Nina binti.

Fundi Mpole:
Dada, nunua kitenge yadi 6 upimwe mwili wako. Unahangaika na frii saizi za nini?

Mama Zai:
Fundi usituanze! Nguo yangu ya Idi nilipewa Idi imeshapita siku tatu, inabana kwapani, eti "mama umenenepa." Mwezi mzima nimefunga, nimenenepea wapi?

Kikombe cha Uji:
Wa kwetu ukimpigia, "bado pasi tu." Ukienda, kitambaa kiko kwenye mfuko uleule uliompelekea, hata mkasi hakijauona.

Mama Zai:
Na masalio ya kitenge changu nikayaona Jumapili yamevaliwa na mtoto wake. Kamependeza, siwezi kusema uongo.

Fundi Mpole:
Mnaleta yadi 3 mnataka gauni la mkia, mikono ya puto na kilemba. Mimi ni nabii?

Futi Sita na Ushee:
Mimi mwanaume, mguu 47. Kariakoo nzima "kaka mwisho 45." Nimeoa na makubazi.

Kikombe cha Uji:
😂😂 Picha za harusi mkuu!

Bonge Mwenye Haki:
Jamani tumetoka kwenye mada. Sendofu ni Jumamosi na sina gauni. Zipu inalia, hivi kweli mtu anaweza

Mama Zai:
Futi Sita, viatu vya hivyo amka mapema uende mtumba Tandika. Mume wangu 46 anapatia huko.

Futi Sita na Ushee:
Ubarikiwe mama. Saa ngapi wanafungua mzigo?

Fundi Mpole:
Bonge, leo Jumatano. Ukileta kitambaa leo hii, Ijumaa jioni unachukua.

Mama Zai:
Ijumaa ya mwezi gani?

Njiti:
Mzee wa Tabata, sketi ni elfu nane. Usisahau kuuliza yenye mfuko.