Viganja vinatiririka jasho, dawa ya kupaka inawasha tu

Mchongoma: Wakuu, salamu. Nauliza kuhusu jasho la viganja, lile la kulowesha karatasi hata penye ubaridi. Kloridi ya alumini 20% imepakwa wiki mbili, kila asubuhi baada ya kuoga. Viganja vinawasha, jasho liko palepale. Kosa ni la dawa au la mpakaji?

Tezi_Kavu: La mpakaji. Chumvi ya alumini hukausha kwa kuziba vijitundu vya jasho, na haizibi kitu kama jasho linatoka muda huohuo. Asubuhi tezi ziko kazini. Tena kloridi ya alumini ikikutana na unyevu hutoa asidi ya haidrokloriki, ndiyo hiyo inayowasha.

Acha siku kadhaa ngozi itulie. Kisha anza upya, usiku wa kwenda kulala: nawa, futa, kausha kwa feni mpaka pasiwe na unyevu hata katikati ya vidole, paka utando mwembamba, acha saa 6 hadi 8, osha ukiamka. Kila usiku mpaka jasho lipungue, halafu mara moja au mbili kwa wiki. Palipochubuka usipake.

Nahodha wa Zamu: Swali ambalo halijaulizwa: akilala, jasho linakatika? Jasho la viganja lisilo na ugonjwa nyuma yake huanza utotoni au balehe, hushika mikono yote miwili, na hukoma usingizini. Lililoanza ukubwani, la mwili mzima, la kulowesha shuka, au linaloandamana na kukonda, hilo si la kupaka dawa. Apimwe kwanza kifua kikuu, sukari na tezi ya shingo, na dawa anazomeza ziangaliwe.

Tezi_Kavu: Kweli kabisa, hilo lilipaswa kutangulia.

Beseni Mbili: Ngozi ya kiganja ni nene, kwa hiyo hata ukipaka sawasawa dawa inaweza kushindwa. Kinachofuata ni mashine ya umeme mdogo: kila mkono kwenye beseni lake la maji ya bomba, milliampea 15 hadi 20, dakika 20 hadi 30, mara 3 kwa wiki, kisha mara moja kwa wiki ya kulinda matokeo. Vua pete, paka mafuta ya mgando kwenye mikwaruzo, na usitoe mkono ghafla umeme ukiwa umewashwa, utashtuka. Maji yasiyo na madini hayapitishi umeme vizuri; ongeza magadi kidogo ya kupikia. Mjamzito, mwenye kifafa, au mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiiguse. Na tafadhali, mashine iwe ya hospitali au iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, si betri na nyaya za kuunganisha mwenyewe.

Mchongoma: Na upasuaji wa kukata neva kifuani?

Nahodha wa Zamu: Viganja hukauka kweli, lakini jasho mara nyingi huhamia mgongoni, tumboni na mapajani, na neva iliyokatwa hairudishwi. Kabla ya kisu kuna sindano za botoksi: hukausha miezi kadhaa, ila huuma na zinaweza kulegeza mshiko wa vidole kwa muda. Kuna pia vidonge vya oksibutinini, vinavyokausha na mdomo. Mwenye presha ya macho au mkojo unaokwama amwambie daktari kabla hajaandikiwa.