Tupeane uzoefu: joistiki yako ya kurushia vyombo vya anga ilikufaje, na uliibadilisha kwa ipi?

Rubani wa Tabata

Wakuu, habari za jioni. Jana usiku nilikuwa naegesha chombo changu katika Elite Dangerous, mchezo wa kompyuta wa kurusha vyombo vya anga, na ghafla pua ikaanza kuvuta kushoto yenyewe kama gari lililopoteza alaimenti, ilhali mkono wangu ulikuwa umetulia kabisa. Nilitoka mchezoni, nikaandika joy.cpl katika Windows ili nifungue dirisha la majaribio, kisha nikakiachia kijiti na kutazama. Alama ya msalaba ilikaa katikati bila kutikisika, lakini mstari wa kusokota, yaani kukizungusha kijiti ili pua igeuke kushoto au kulia, ulikuwa unarukaruka bila kukoma.

Kijiti hiki ninacho mwaka wa tatu sasa. Naomba kila mwenye kisa chake akieleze: joistiki yako ilianza kuugua wapi, uliitengeneza au ulinunua nyingine, na kama ulinunua, ulitazama nini kwanza: vitufe, uzito wa kitako, umbo, au kilichomo ndani?

Fundi Volyumu

Ndugu Rubani, ugonjwa huo nimeuona mezani kwangu mara nyingi, hapa Mwanza. Katika joistiki za bei nafuu kila mhimili, yaani kila njia ambayo kijiti husogezwa au kusokotwa, una kifaa ambacho sisi mafundi redio tunakiita volyumu, ile ile ya kuongezea sauti: njia nyembamba ya kaboni, na juu yake ulimi wa chuma unaotambaa. Ulimi ukipita mahali pamoja maelfu ya mara, kaboni inalika, na mahali panapopitwa kuliko pote ni katikati, kwa kuwa ndipo springi inapokirudisha kijiti kila unapokiachia. Ndiyo maana kijiti huwa kizima ukikisokota hadi mwisho, kikaugua pale pale unapotaka kitulie.

Fungua skurubu, puliza dawa ya kusafishia kontakti ndani ya volyumu, kisha usokote kwenda na kurudi mara thelathini hivi kabla ya kufunga. Ugonjwa ukirudi, ibadilishe. Soma maandishi ya mgongoni: ikiwa ni B10K, tafuta B10K nyingine yenye shafti ya urefu ule ule. Usikubali kuuziwa yenye herufi A kwa maelezo kwamba ni sawa tu, kwa maana hiyo hutengenezwa kwa ajili ya sauti na haipandi kwa kiwango kimoja. Chombo chako kitakuwa chepesi upande mmoja na kizito upande wa pili.

Mwana wa Malindi

Kusokota. Changu pia kilianza na kusokota, na kilivuta kushoto hivyo hivyo.

Mswahili wa Maskati

Assalaam aleikum. Mimi sikuwa na dawa ya kontakti. Nilichukua mafuta ya kulainishia bawaba za mlango, nikapuliza kidogo, na kijiti kikapona siku ile ile.

Fundi Volyumu

Wa aleikum salaam. Sheikh, kwa heshima zote, naomba wasomaji wasiige jambo hili. Mafuta ya bawaba hayakauki kama dawa ya kontakti. Hubaki juu ya kaboni, huvuta vumbi, na vumbi lenye mafuta huwa kama msasa chini ya ule ulimi.

Mswahili wa Maskati

Miezi minne sasa kinafanya kazi, na ninakitumia kila usiku baada ya Isha. Nimeeleza kilichonitokea mimi, na uzi huu umeitwa wa uzoefu.

Fundi Volyumu

Nami nimeeleza yaliyoletwa mezani kwangu. Tuonane mwezi wa nane.

Msafiri wa Mbali

Nimesoma maneno ya Ndugu Rubani, moyo ukanienda mbio. Niruhusuni nieleze kwa urefu, kwa sababu kisa hiki sijawahi kukiandika mahali popote.

Mwaka ule niliamua kwenda Sagittarius A*, katikati ya galaksi, umbali wa takriban miaka ya nuru 26,000 kutoka Jua letu. Nilichukua chombo cha Asp Explorer, nikaondoa silaha zote, nikaondoa na ngao, kwa sababu kila tani inayopungua huongeza urefu wa mruko wa kutoka nyota hadi nyota. Nilisafiri kwa miezi mitano, nikicheza saa moja au mbili baada ya watoto kulala. Nilikuwa na daftari ambamo niliandika kila mfumo wa nyota wenye sayari ya maji au sayari inayofanana na dunia, na katika mingi kati ya hiyo jina langu lingekuwa la kwanza kuandikwa. Wanaocheza wanajua kwamba takwimu za mifumo unayoigundua si zako mpaka umezifikisha kituoni ukaziuza. Ukifa njiani, chombo utarudishiwa kwa kulipa asilimia 5 ya thamani yake, lakini takwimu zote zimepotea.

Joistiki yangu ilianza kuvuta nikiwa njiani kurudi, na kosa nililolifanya ndilo ninalotaka mlisikie. Sikuifungua, wala sikuibadilisha. Niliingia kwenye mipangilio nikapanua sehemu mfu, yaani lile eneo la katikati ambalo mchezo haulijali. Asilimia tano, kisha kumi, kisha ishirini. Kila nilipopanua, chombo kilitulia, nami nikajiambia kwamba nimetengeneza.

Usiku wa kufika, mtoto wa kaka yangu alikuwa ameketi karibu yangu kwenye ndoo iliyofunikwa, kwa sababu nilimwahidi ataona namna ninavyoingia kituoni. Niliomba ruhusa ya kutua, nikapewa. Kituo kilikuwa cha ile aina inayozunguka, chenye mlango mwembamba kama tundu la kutilia barua, nami nikaanza kujiviringisha taratibu ili nilingane nao. Pua ilipokuwa imeshaingia mlangoni, ule mhimili wa kusokota uliruka. Haukuteleza kidogo kidogo. Uliruka hadi mwisho, ukaipita ile sehemu mfu yote, na chombo kikageuka kama mtu aliyevutwa bega. Ubavu ulipiga ukingo wa mlango. Nikashtuka, nikakisokota kijiti upande wa pili, na wakati huo huo volyumu ikarudi mahali pake, kwa hiyo mageuzo yakawa mara mbili ya niliyoyakusudia, na mkia ukapiga ukingo wa pili. Chombo kisicho na ngao hakihitaji mapigo mengi. Kioo kilipasuka, na baada ya sekunde mbili sikuwa na kitu.

Mtoto aliniuliza, "Baba mkubwa, tumefika?"

Nilizima kompyuta bila kumjibu. Daftari ninalo mpaka leo.

Mwana wa Malindi

Pole sana, kaka. Mno. Nimesoma mara mbili.

Dereva wa Nyota

Pole, mkuu. Lakini mbona hukupitia Colonia ukauza kwanza? Kule kuna vituo vya watu.

Msafiri wa Mbali

Colonia ilikuwa nje ya njia yangu, na nilikuwa nataka kufika nyumbani. Sehemu mfu ya asilimia ishirini ilinifanya niamini kwamba kila kitu ni salama, ndiyo maana nimeiandika.

Mkono wa Kushoto

Nami niingie, kwa sababu kisa changu ni cha kuchagua na si cha kuharibikiwa. Ninatumia mkono wa kushoto tangu utotoni. Joistiki ya kwanza niliyonunua hapa Nakuru ilichongwa kwa ajili ya kiganja cha kulia: pahali pa kuegemeza kidole gumba palikuwa upande usiofaa, na kila baada ya nusu saa mkono uliniuma kuanzia kwenye kifundo hadi kwenye kiwiko. Kwa mwaka mzima nilidhani kwamba mimi ndiye sijui kurusha.

Nilipopata kijiti cha Thrustmaster T.16000M niliyafungua yale mapande yake ya plastiki na kuyabadilisha, kwa kuwa kimetengenezwa kitumike kwa mkono wowote, na usiku ule nilicheza saa tatu bila maumivu. Wenzangu wa mkono wa kushoto, msinunue kwa picha. Kishikeni kwanza.

Dereva wa Nyota

Na hicho ndicho ninachowaambia watu kila siku. T.16000M kina sensa za sumaku, hakiwezi kuvuta kamwe. Nunueni hicho tu, mjadala umekwisha.

Fundi Volyumu

Mjadala haujaisha, ndugu yangu, na jambo hili linawaponza wengi. Sensa za sumaku zinafuata kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879: sumaku husogea karibu na chipu bila kuigusa, na chipu hupima nguvu yake. Kisichogusana hakiliki, hilo ni kweli. Lakini katika kijiti ulichokitaja, sensa hizo zipo kwenye mihimili miwili ya mbele-nyuma na kushoto-kulia. Mhimili wa kusokota una volyumu ya kawaida. Kwa hiyo mtu anasoma neno sumaku kwenye boksi, analipa, kisha anaugua ugonjwa ule ule wa Ndugu Rubani. Ukiuliza dukani, usiulize kama kina sensa za sumaku. Uliza kama mhimili wa kusokota nao hauna mguso. Joistiki ya VKB Gladiator NXT, kwa mfano, haina mguso hata kwenye kusokota.

Dereva wa Nyota

Na bei yake je? Utaiagiza kutoka nje, usafirishaji na kodi juu, wakati mtu ana familia.

Fundi Volyumu

Ndiyo maana nimeanza na B10K.

Mzee Disketi

Wanangu, nimewasoma kwa furaha kubwa. Tulioanza na vijiti vya tundu la pini 15, kabla ya USB, tunakumbuka kwamba kompyuta haikupokea namba kutoka kwenye kijiti. Ilipima muda ambao kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme kidogo, ilichukua kujaa kupitia volyumu iliyomo ndani ya kijiti, na kutokana na muda huo ndipo ilipokisia mkono uko wapi. Kijiti kikipata joto, vipimo vinahama. Tulikuwa tunasahihisha kila tunapokaa kucheza, kama fundi cherehani anayepima tena kabla ya kukata.

Nimeona hakuna aliyegusia vijiti viwili. Nawasihi mfikirie. Chombo cha anga hakifanani na ndege, kwa sababu kinaweza kwenda juu, chini na pembeni bila kugeuza pua. Ni njia tatu za kugeuka na tatu za kusogea, jumla sita. Kijiti kimoja na mkono wa mafuta, yaani wenzo wa kuongezea kasi, haviwezi kuzibeba zote vizuri.

Dereva wa Nyota

Mzee wangu, shikamoo. Hapo naomba nipingane nawe. Mkono wa mafuta unakaa pale ulipouacha. Kijiti kikiachiwa kinarudi katikati, na chombo kinasimama. Katika safari ndefu utakishikilia mpaka lini?

Mzee Disketi

Marahaba, mwanangu. Kwa safari ndefu uko sahihi, na unaweza kukipa kitufe kimoja kazi ya kushikilia kasi. Lakini wanaanga wa Apollo walikuwa na vishikio viwili katika chombo chao, cha kushoto kwa kusogea na cha kulia kwa kugeuka, na Soyuz, chombo cha Warusi, imegawanywa hivyo hivyo. Waliopanga hivyo walikuwa na sababu, na utaiona sababu hiyo siku utakapozima msaada wa urushaji, ule unaokituliza chombo wenyewe, na kujaribu kukizunguka chombo cha adui huku pua ikiendelea kumtazama.

Na kuna faida nyingine inayowahusu ninyi mnaoumizwa na kusokota: ukiwa na vijiti viwili, unaweza kuhamisha kazi ya kugeuza pua kutoka kwenye kusokota ukaiweka kwenye mhimili mwingine, ile volyumu mbovu ukaifuta kabisa katika mipangilio.

Mkono wa Kushoto

Nakubaliana na Mzee. Niongeze tahadhari moja kwa wa vijiti viwili: msibadilishe matundu ya USB ovyo. Mchezo mwingine, Star Citizen, huvihesabu vijiti kwa namba, na mara moja nilikuta cha kushoto kimekuwa cha kulia katikati ya vita. Katika Elite Dangerous, ukiwasha mchezo kabla ya kuchomeka kijiti, mipangilio yako inaweza kukataa kupakiwa. Tafuteni faili lenye kiishio cha .binds na mlinakili mahali salama.

Mwana wa Malindi

Huku pwani chumvi ya hewani ndiyo adui. Mimi hukifunika changu kwa kitambaa kikavu kila nikimaliza, na pini za USB nazifuta kila mwezi.

Rubani wa Tabata

Wakuu, nimerudi. Leo baada ya kazi nilikifungua, nikiwa na bisibisi na taa ya simu. Volyumu ilikuwa B10K kama alivyosema Fundi. Niliipuliza dawa, nikasokota mara thelathini, nikachomeka, nikatazama: mstari bado unaruka. Nikakaribia kukata tamaa, lakini nilipoisogeza taa niliona kwamba mstari unaruka hata nikigusa nyaya tu bila kusokota. Nyaya tatu nyembamba hupita kwenye shingo ya mpini, na kila unaposokota zinapinda mahali pale pale. Wa kati ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake. Kwa nje ulionekana mzima, lakini ukiuvuta kidogo unarefuka kama mpira. Niliukata, nikaulehemu, nikauachia ulegevu wa kama sentimita mbili ili usivutike tena. Mstari sasa umetulia, na nimerudisha sehemu mfu kuwa asilimia mbili.

Fundi Volyumu

Hongera sana. Waya huo ningepaswa kuutaja tangu mwanzo.

Msafiri wa Mbali

Ndugu Rubani, naomba unijibu. Ulikatika karibu na bodi au hapo kwenye shingo? Nauliza kwa sababu kijiti changu sikukitupa. Kimefungwa kwenye kanga kuukuu juu ya kabati tangu usiku ule, na nakumbuka vizuri kwamba nacho kilikuwa kinaruka hata nikiugusa mpini tu.

Rubani wa Tabata

Shingoni, kaka, mahali mpini unapoingia kwenye kitako. Kishushe. Nipo hapa mpaka saa tano usiku, na nitakutumia picha za nilipofungua.